Mama Mkwe Hakuwa na Kosa

Neno lililopigwa marufuku darasani kwa Madam halikuwa tusi. Matusi aliyavumilia, hasa umeme ukikatika kabla mtu hajahifadhi kazi yake. Neno lililokatazwa ni "haifanyi kazi". Ukilitamka, anaacha alichokuwa akifanya, anavua miwani, anaifuta kwa upindo wa kitenge, anairudisha puani, kisha anakuuliza polepole kama mtu anayezungumza na mgeni aliyetoka mbali: "Ulifanya nini? Ulitegemea nini? Umeona nini?" Ukijibu mawili tu, unarudishwa kwenye kiti chako ukalitafute la tatu.

Nilimjua kwa miaka mingi, kwanza nikiwa mwanafunzi wake, baadaye msaidizi wake, na mwishowe mgeni wake wa Jumapili. Darasa lake lilikuwa ghorofani, Moshi mjini, juu ya duka la mabomba na rangi. Kilikuwa chumba kimoja chenye madirisha yanayotazama mlima, siku ambazo mlima wenyewe umekubali kutazamwa. Alifundisha kuandika programu za kompyuta, na aliwafundisha watu wa kila aina: waliomaliza kidato cha nne, makarani, padre mmoja mpole, na sisi tuliotoka Kahe huko bondeni. Yeye alikuwa mtu wa Uru, huko juu mlimani, na alitutania kwamba watu wa Kahe tumezoea kukaa tu tukisubiri maji yaje yenyewe kwenye mfereji. Nikamjibu siku moja kwamba yangekuja vizuri zaidi kama wa milimani wasingeyazuia huko juu. Darasa likangoja nifukuzwe. Yeye akacheka mpaka akakohoa, na tangu siku hiyo tulikuwa marafiki, ingawa urafiki wake haukuwahi kuniongezea maksi hata moja.

Hapa inabidi nimlete Mama Mkwe, maana bila yeye Madam haeleweki. Programu tunayoandikia, tuliyoiita edita, ina mwenzake anayefanya kazi nyuma ya pazia. Wewe unaandika, yeye anasoma. Ukikosea anakuwekea mstari mwekundu chini ya kosa, ukisita anakupendekezea neno. Wataalamu humwita seva ya lugha. Madam alisema jina hilo limetungwa na mtu asiyewahi kuolewa.

"Huyu ni mama mkwe," alituambia siku ya kwanza. "Kakaa chumba cha pili, hapiki, hafagii, lakini kila chuya iliyobaki kwenye mchele wako anaiona. Mchukie, lakini msikilize."

Jina likashika. Mama Mkwe naye hakuwa na afya njema. Kompyuta zetu zilikuwa za zamani, na mara nyingi alikatika katikati ya somo, mistari myekundu ikapotea yote kana kwamba sote tumekuwa wataalamu ghafla. Hapo mwanafunzi anainua mkono: "Madam, Mama Mkwe amekufa." Naye anajibu bila kugeuka: "Mfufue, tuendelee." Fundi cherehani wa pale chini, mama mwenye huruma zake, aliisikia habari hiyo akiwa ngazini. Akafunga kazi, akajitanda khanga, akapanda kutupa pole mmoja mmoja. Madam alizipokea pole zote kwa heshima, akamkalisha mgeni, akammiminia chai, na alipokwisha kunywa ndipo akamweleza. Mama wa watu akatutazama kwa zamu.

"Sasa na mimi nimeshalia," alisema.

"Pole zako hazijaharibika, dada," Madam akamwambia. "Atakufa tena kesho."

Alikuwa na misemo yake ambayo mpaka leo naisikia nikiwa kazini. Ulioniingia zaidi ni huu: usinionyeshe kihamba kizima, nionyeshe mgomba unaougua. Kihamba ni shamba la nyumbani la Mchaga, lenye migomba, kahawa, magimbi, ng'ombe na makaburi ya babu zake, vyote mahali pamoja. Maana yake ilikuwa kwamba ukitaka msaada, usimwage programu yako yote mezani kwa mtu. Kata, punguza, ondoa kisichohusika, mpaka kibaki kipande kidogo ambacho bado kinaonyesha tatizo. Mara nyingi, ukiwa katikati ya kukata, tatizo unaliona mwenyewe na unaona aibu kuuliza.

Msemo wa pili ulikuwa amri: badilisha kimoja kimoja. Ukibadilisha viwili kwa pamoja, hata ukipona hujui kilichokuponya. Alitufanya tuhame kompyuta moja hadi nyingine, tufungue faili lile lile kwenye folda tofauti, tuzime hiki tuache kile, tukiripoti kila hatua kwa sauti. Padre alisema hajawahi kuungama kwa undani kiasi hicho.

Mambo hayo hakuyaacha darasani. Bodaboda akimwambia pikipiki imegoma, anashuka na kumhoji barabarani mpaka kijana anakiri kwamba mafuta ndiyo yamekwisha. Kwenye jumuiya, ile sala ya majirani ya kila wiki, mama mmoja aliomba, "Bwana, wewe wazijua shida zetu zote," na Madam, macho yakiwa yamefumbwa bado, akaongeza kwa sauti ya chini: "Anazijua, lakini zitaje." Nasikia walimweka zamu ya kuongoza sala mara chache sana baada ya hapo.

Basi ungedhani mtu kama huyo ni sahihi katika kila jambo. Wapi! Mwulize njia ya kwenda kwake. "Hapo tu juu." Nilipanda hapo tu juu kwa mara ya kwanza nikiwa na viatu vya kanisani, nikapita kona baada ya kona, kila niliyemsalimu akinihakikishia kwamba kwa Madam ni hapo tu juu, na nilipofika nilikuwa siwezi hata kusema shikamoo. Alinishangaa. "Ulitegemea nini?" akaniuliza.

Ukimwuliza afya yake, ilikuwa ni hivyo hivyo. "Nzima." Akibanwa sana: "Macho yananisumbua kidogo." Miwani yake aliinunua sokoni. Alijaribu moja baada ya nyingine mbele ya muuzaji mpaka maandishi makubwa ya gazeti yalipotulia, akaivaa, akaondoka nayo. Yaani mwanamke aliyeweza kumzuia mtu mzima mlangoni kwa sababu hakutaja jina la faili alijitibu macho kwa namna hiyo.

Tena alikuwa na maringo, au ndivyo tulivyoamini. Ukimsalimia ukiwa mbele yake alikuitikia vizuri, na familia yako akaiulizia. Ukimsalimia ukiwa pembeni alipita kama hakuoni. Aligonga mabenchi kila siku na kila siku akamlaumu mfagiaji kwamba ameyasogeza. Kikombe kilichowekwa karibu na kiwiko chake kilikuwa kimeshaandikiwa kifo. Tulisema ndivyo walivyo watu wenye akili nyingi, wanatembea na mawazo. Tulimheshimu zaidi kwa ajili hiyo.

Kisha ikaja siku ambayo edita yetu ilipata toleo jipya, na Mama Mkwe naye akapata toleo jipya. Siku hiyo hiyo Madam aliletewa skrini mpya na mwanafunzi wake wa zamani, skrini pana ajabu, ukikaa mbele yake unajiona rubani. Aliifurahia kama mtoto. Baada ya hapo mambo yakaanza kwenda mrama. Madam alisahihisha kazi zetu kwenye skrini ile, na kazi zenye makosa zikaanza kupita.

Iliyomuumiza ni ya dada mmoja wa Sanya Juu. Alikuwa ameandika programu ya kupokelea maziwa kwa kikundi cha wafugaji wa kwao. Madam aliipitia yote, akampongeza mbele yetu. Dada yule akaenda kuionyesha kwa kikundi, wazee wamekaa, maziwa yamepangwa, na programu ikaanguka kwenye hatua ya kwanza. Aliporudi hakulaumu mtu. Alikaa tu kwenye benchi la nyuma akilia bila sauti, na Madam akamkuta hapo.

"Mama Mkwe hakuonyesha kosa," Madam alisema. Uso wake ulikuwa umebadilika. Baadaye, tukiwa wawili, aliniambia jambo ambalo sikulitarajia kutoka kwake: "Kama siwezi kuamini ninachokiona hapa, nafunga darasa. Sitapitisha kazi za watu kwa kubahatisha."

Hakuwa mtu wa vitisho. Niliogopa kweli kweli, kwa ajili yake na kwa ajili yangu, maana mimi sikuwa na mahali pengine nilipopapenda namna ile.

Kwanza aliwaandikia watengenezaji wa ile seva. Ni watu waliotawanyika duniani, wengi wanaojitolea, na yeyote anaweza kuwapelekea ripoti hadharani. Ripoti yake ilikuwa safi: alichofanya, alichotegemea, alichoona. Tangu toleo jipya, aliandika, seva inaonyesha makosa mengine na mengine inayaficha. Walimjibu kwa adabu, wakaomba mfano mdogo na logi, yaani ile kumbukumbu ambamo seva huandika kila ilichosema. Madam akafurahi. "Hawa wamelelewa," alisema. Akawapelekea kila kitu. Baada ya siku kadhaa wakajibu kwamba kwao tatizo halitokei, na logi inaonyesha seva imetaja makosa yote. Wakaifunga ripoti.

Hapo ndipo nilipoona hasira ya mtu wa Uru ikiandikwa kwa Kiingereza alichofundishwa shuleni na masista. Aliwaambia kwamba wamekaa mbali kwenye viti vizuri, kwamba yeye amefundisha tangu wao hawajui kushika kipanya, na kwamba anayekataa kuuona ugonjwa wa mgomba asijiite mkulima. Niliomba nisome kabla hajatuma. Alikuwa ameshatuma.

"Sasa tuwaletee ushahidi," akaniambia. "Kimoja kimoja."

Tukafunga mlango mchana mmoja ambao hapakuwa na somo. Tukabadilisha faili. Makosa mengine hayakuonekana. Tukabadilisha folda, vile vile. Tukarudisha toleo la zamani la Mama Mkwe, na hapo Madam akakunja uso, maana hata toleo la zamani lilificha. Tukaisoma logi pamoja. Mama Mkwe alikuwa amesema: kosa, mstari fulani, mwisho kabisa kulia. Nikainua macho kwenye skrini. Mstari mwekundu ulikuwepo, mwekundu kama pilipili.

"Madam, huu hapa."

"Wapi?"

"Hapa kulia, mwishoni."

Akageuza kichwa. "Eh. Umetokea sasa hivi."

"Ulikuwepo, Madam."

"Mwanangu, mimi nilikuwa natazama. Haukuwepo. Kaa hapa uone mwenyewe."

Alinyanyuka, nikakaa. Mstari ulikuwepo. Nikanyanyuka, akakaa. Akatazama katikati kama alivyozoea, mikono juu ya mapaja.

"Haupo," alisema.

Nilisimama nyuma yake na kuutazama ukiwa palepale. Nje kuna mtu alikuwa akikata bomba kwa msumeno. Madam akauliza swali alilotuuliza kila siku, ila safari hii kwa sauti ndogo. "Tumebadilisha nini?"

Sikutaka kujibu. Lakini alikuwa amenifundisha yeye.

"Aliyekaa kwenye kiti, Madam."

Alicheka. Naapa alicheka, na kicheko chenyewe kilikuwa kile kile cha siku ya mfereji. "Na nilibadilisha viwili kwa siku moja," alisema. "Toleo na skrini. Ningekuwa mwanafunzi wangu ningejifukuza." Kisha akavua miwani ya sokoni, akaifuta kwa kitenge kwa muda mrefu kuliko kawaida, na hakuirudisha puani. Skrini ya zamani ilikuwa ndogo, kila kitu kilimwangukia katikati. Hii pana ndiyo iliyofika mpaka mahali ambapo macho yake yalikuwa yameshaacha kufika, bila kumuaga.

Kwenda hospitali alikataa. Alisema kahawa inasubiri kuchumwa. Alisema kuna harusi. Mwishoni nikamwambia, "Madam, umefungua ripoti ukaiacha wazi," na hilo likamkera kiasi cha kutosha, asubuhi iliyofuata tukaenda. Daktari alikuwa binti mdogo. Alisema, "Shikamoo mama, tatizo ni nini?" Nikamwona Madam akivuta pumzi ya kusema "macho yananisumbua". Nikamkanyaga mguu.

Akasimama, kama mwanafunzi. "Nilichofanya: nimekaa mbele ya skrini pana nikatazama katikati. Nilichotegemea: kuona mstari mwekundu ulio pembeni. Nilichoona: katikati peke yake. Nikigeuza kichwa, mstari unatokea. Inatokea kila mara. Kwa mwenzangu huyu haitokei."

Binti aliweka kalamu chini. "Mama, ungeweza kunifundishia wagonjwa wangu wote," alisema, na akampima palepale. Ilikuwa presha ya macho. Akatueleza taratibu kwamba ugonjwa huo huanza kula pembeni na mtu hajui, na kwamba kilichopotea hakirudi, ila kilichobaki kinaweza kulindwa. Madam alisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza tu kama kilichobaki kinatosha kusahihisha kazi za watu. Mimi nilitoka nje nikalia kwenye korido, naye akanikuta na kuniambia niache kuwatisha wagonjwa.

Alipopata nafuu ya mawazo, jambo la kwanza lilikuwa wale watu wa mbali. Kwao Uru, mtu akimkosea mwenzake huchuma jani la isale, lile jani refu la kijani linalopandwa mipakani, hulifunga fundo na kumpelekea. Jani hilo halikataliwi. Basi Madam akachuma isale, akalifunga, akalishika mbele ya simu yangu akiwa amevaa kitenge cha sikukuu, nikampiga picha. Akaiweka chini ya ile ripoti iliyofungwa, na maneno machache: Mama Mkwe hakuwa na kosa, kosa ni la macho yangu, niliwatukana bure, na kwetu jani hili likiletwa linapokelewa.

Mmoja aliuliza kama mmea huo unastahimili baridi ya ndani ya nyumba. Mwingine aliandika neno moja tu: limepokelewa. Wa tatu akamweleza kwamba edita ile ile inaweza kulia kila unapofika kwenye mstari wenye kosa, na mpangilio wenyewe uko wapi. Hatukuwahi kujua. Kuanzia hapo kompyuta ya Madam ililia kama kifaranga aliyepotezana na mama yake, mchana kutwa, na sisi tukavumilia. Kazi ya kwanza aliyoirudia kusahihisha ilikuwa ya yule dada wa Sanya Juu. Kifaranga alilia palepale lilipokuwa kosa, na baada ya muda wazee wa maziwa wakaipokea programu yao. Darasa halikufungwa. Alifundisha miaka mingine mizuri, na alipoliacha aliliacha kwa kutaka mwenyewe, akalikabidhi kwa padre.

Nilimtembelea Jumapili moja, si zamani sana. Nilichukua bodaboda mpaka barabara ilipoishia, kisha nikapanda hapo tu juu nikiwa na mfuko wa mchele wa Kahe. Nilimkuta amekaa kibarazani.

"Shikamoo, Madam."

"Marahaba. Sauti naijua. Sogea kulia. Sana. Rudi kidogo. Hapo." Akanitazama kwa raha. "Nilichotegemea: utakuwa umenenepa. Nilichoona: umenenepa. Nafunga ripoti."

Dawa anaweka kila siku, aliniambia, na dirisha lake limebaki dogo lakini halijazidi kupungua. Alifungua mfuko wa mchele, akashukuru kwa Kichaga, "Aika, mwanangu," akaumwaga kwenye ungo na kuanza kuupitia kwa vidole akiwa anaongea nami, bila kuuangalia hata kidogo. Alitoa chuya moja, akanionyesha. Akatoa nyingine. "Watu wa Kahe," alisema. Tulikula mtori wa ndizi, akanihoji kuhusu kazi yangu mpya mpaka nikajikuta naeleza tatizo ambalo nilikuwa nalo ofisini wiki nzima, na nilipofika kwenye swali la pili nikaona jibu mwenyewe. Yeye aliniongezea mtori.

Mawingu yalipoanza kushuka alinisindikiza mpaka kwenye ua wa masale, mpakani. Tukaagana. Nikateremka kidogo kufuata njia, ambayo hapo inakata kushoto, kisha nikageuka. Madam alikuwa bado amesimama akipunga mkono, anatabasamu, akipungia mahali nilipokuwa nimesimama mwanzo. Pale hapakuwa na mtu. Alipunga tena, kwa subira, kama mtu anayejua kwamba mwenzake atajibu.

Nikapanda nikarudi, taratibu ili asinisikie, nikasimama palepale mkono wake ulipokuwa ukielekea, nikapunga na mimi.

"Haya, nimekuona," alisema. "Nenda sasa, mvua inakuja."